Jino Moja la Pinioni

Nilikuwa mwaka wa pili nilipoliharibu gari lililokuwa linanilipia ada. Sikuligonga wala sikulipindua. Hata leseni sina mpaka leo. Nililiharibu kwa kalamu, kikokotoo na karatasi mbili nilizochana kwenye daftari la somo la mashine.

Naandika makala haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, tangu niingie mwaka wa nne wa uhandisi mitambo, wanachuo wenzangu wananipigia simu kila likizo: "Injinia, baba ana Canter ya zamani, anataka kuifunga giaboksi nyingine, inafaa?" Au: "Kaka anataka abadilishe difu ya Fuso ili ikimbie, tumnunulie?" Nikianza kujibu, muda wa maongezi unaisha kabla sijafika kwenye propela. Ya pili, kosa lenyewe nimeshalilipia, basi angalau liwafae na wengine.

Gari lenyewe na njia zake mbili

Gari ni pikapu ya Land Cruiser ya mwaka 1983, ile ya zamani kabla ya hizi tunazoziita mkonga. Jina lake la kitabuni ni HJ47. Injini ni 2H ya dizeli, silinda 6, cc 3,980, haina tabo. Injini hiyo ni karibu kitu pekee ambacho hakijaguswa. Bodi ya nyuma imerefushwa kwa mbao na vyuma, springi zimeongezwa majani, viti ni vya basi dogo. Giaboksi iliyokuwamo ni ya gia nne, aina ya H42. Propela ya mbele, ile inayofanya gari livute kwa tairi zote nne, mwenye gari wa kwanza aliitoa, eti inakula mafuta. Mjomba alikabidhiwa pamoja na gari, akaisukumia chini ya kitanda.

Mjomba wangu anaishi Mbwawa, Kibaha. Gari linabeba embe msimu wa embe, mihogo msimu wa mihogo, na katikati ya misimu linabeba matofali na mchanga wa watu wanaojenga. Bodi ya Mikopo ilinipa sehemu ya ada. Sehemu iliyobaki ilitoka kwenye gari hilo.

Sasa shika jambo moja, maana makala yote yamesimama hapo. Kila safari ya gari hilo ina njia mbili. Ya kwanza ni kutoka shambani hadi kuikuta lami, na hiyo ni mchanga wa Pwani unaoujua: ukitembea na ndala unarudi nyuma hatua moja kwa kila hatua tatu. Ya pili ni Barabara ya Morogoro, unapita Mailimoja, unateremka kuelekea Kimara na mwisho wake soko la Mabibo. Kipande cha Kibaha hadi Kimara kilipopanuliwa kuwa njia nane, kila mwenye gari alijisikia ana haki ya kukimbia. Mjomba naye.

"Mjomba," aliniambia likizo ile (sisi kwetu mjomba na mpwa wote wanaitana mjomba), "nikifika themanini injini inalia kama inachinjwa. Watoto wa juzi na vigari vyao wananipita. Huko chuoni hamfundishwi dawa?"

Tulikuwa tumefundishwa. Au tuseme, nilikuwa nimefaulu mtihani wake.

Giaboksi inafanya nini hasa

Tuanze na jambo ambalo wengi wanalikosea: giaboksi haitengenezi nguvu. Nguvu inatoka kwenye injini, na injini ina kiasi chake. Giaboksi ni kama wakala wa pesa za simu. Ukimpa kasi anakurudishia mvuto, ukimpa mvuto anakurudishia kasi, na kila muamala anakata tozo yake, ambayo kwenye chuma ni joto na msuguano. Hakuna wakala anayekuongezea hela.

Wakala huyo kwenye gari la mizigo hayuko mmoja. Wamepanga mstari. Nguvu ikitoka kwenye injini inapita kwenye klachi, inaingia giaboksi, inaingia transfa (kwenye magari ya fowili), inashuka kwa propela, inaingia difu, inatoka kwa shafti za ekseli, inafika kwenye tairi. Giaboksi inabadilisha kulingana na gia uliyoweka. Difu inabadilisha mara moja tu, kiwango kilekile siku zote, kwa sababu ndani yake kuna krauni kubwa inayozungushwa na pinioni ndogo, na meno yao hayabadiliki.

Uwiano maana yake ni hesabu ya meno tu. Difu ya gari la Mjomba ilikuwa na krauni ya meno 37 na pinioni ya meno 9. Gawanya: 4.11. Yaani propela ikizunguka mara 4 na kidogo, tairi linazunguka mara moja. Kuna difu nyingine ya Land Cruiser za zamani yenye krauni ya meno 37 vilevile, ila pinioni yake ina meno 10. Gawanya: 3.70. Tofauti ni jino moja.

Jino hilo moja ndilo lililonivutia.

Hesabu yangu ya kwanza

Tairi zetu ni 7.50-16. Tulizipima kwa chaki na futi: tairi likizunguka mara moja, gari linasogea mita 2 na nusu. Kilomita 80 kwa saa ni mita 1,333 kwa dakika, kwa hiyo tairi linazunguka kama mara 533 kila dakika. Gia ya nne ya H42 ni moja kwa moja, haibadilishi kitu. Basi injini inazunguka 533 mara 4.11, ambayo ni karibu 2,190 kwa dakika. Ukiweka difu ya 3.70, kwa kasi ileile injini inazunguka karibu 1,970. Umepunguza mizunguko 220 kila dakika. Kelele inapungua, dizeli inapungua, Mjomba anatabasamu.

Nilimwonyesha karatasi. Akaangalia tarakimu kama anayeangalia picha ya mjukuu. Alikopa kwenye VICOBA, tukatafuta difu ya mtumba, tukapata moja. Moja tu, ya nyuma.

Fundi aliyetufungia ana gereji ya mwembe mmoja na jeki mbili. Shule aliishia darasa la saba. Alipolikagua difu akaniuliza:

"Dada, hii gari inakwama wapi?"

"Shikamoo fundi. Haikwami, inapiga kelele. Kwenye lami."

"Marahaba. Mimi sijauliza inapiga kelele wapi. Inakwama wapi?"

Nikamweleza kwamba tumeshapiga hesabu. Akasema sawa, mwenye gari ndiye mwenye gari. Ila akaongeza: "Mkija kutaka kurudisha propela ya mbele, mtanitafuta tena. Mbele nne kumi na moja, nyuma tatu sabini, hawa hawalali chumba kimoja."

Hilo nililielewa, na nikalipuuza. Ukiweka fowili, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zizunguke kasi moja. Kama difu ya mbele na ya nyuma zina uwiano tofauti, tairi za mbele zinataka kwenda mwendo wake na za nyuma mwendo wake. Chuma kinajisokota mpaka tairi liteleze au kitu kikatike. Nikajiambia: si propela ya mbele iko chini ya kitanda? Tatizo liko wapi?

Desemba

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya sifa. Gari tupu kwenye lami lilitulia kama Mjomba alivyotaka. Msimu wa mihogo mizigo ilikuwa midogo. Kisha embe zikaiva, na mwaka huo vuli ilikawia, mchanga ukawa mkavu kama unga.

Mjomba alianza kulalamika kwamba klachi inanuka. Kuondoka kwenye mchanga na mzigo, ilibidi aibane klachi nusunusu ili gari lisizime, na sahani ya klachi ikibanwa hivyo inajichoma. Akagundua njia yake: akaweka transfa kwenye low. Low ya gari lile inazidisha msokoto sana. Kwenye gari lenye propela zote mbili, msokoto huo unagawanywa mbele na nyuma. Kwenye gari la Mjomba ulikwenda wote nyuma.

Jumamosi moja jioni, gari likiwa limejaa embe, tairi la nyuma lilikuwa linazunguka kwenye mchanga bila kushika. Ghafla likaushika mzizi. Mjomba anasema alisikia mlio kama wa ubao mkavu ukivunjwa. Shafti ya ekseli ilikatika. Injini ikawa inaunguruma na gari limesimama.

Alinipigia saa tatu usiku nikiwa maktaba. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliniuliza tu: "Mjomba, difu ikizunguka na gari halitembei, maana yake nini?" Nilijua maana yake kabla hajamaliza sentensi.

Embe zilikaa pale siku mbili. Zilizopatikana gari la kuzihamisha zilifika Mabibo zimeshalainika, zikauzwa kwa bei ya juisi. Muhula ule nililipa sehemu ya ada kwa bumu langu, nikala ugali na dagaa wiki nyingi. Hilo dogo. Mjomba alikuwa na rejesho la VICOBA kila wiki, na gari liko juu ya mawe.

Hesabu niliyopaswa kuipiga

Nilirudi kwenye karatasi. Safari hii nilianza na swali la fundi: linakwama wapi?

Gari likijaa (na Mjomba hulijaza), lina uzito wa kama tani 3 na nusu, tuseme nyutoni 35,000. Kwenye lami, kulisukuma mbele kwa mwendo wa polepole kunahitaji nguvu ndogo sana, karibu asilimia 1.5 ya uzito: nyutoni 525. Kwenye mchanga laini mambo ni mengine kabisa. Vitabu vinatoa asilimia 20 mpaka 30. Chukua 22: nyutoni 7,700. Yaani mchanga wa Mbwawa unadai nguvu karibu mara 15 ya lami.

Je, gari lilikuwa na kiasi gani cha kutoa? Injini ya 2H inatoa msokoto wa kama nyutonimita 240. Gia ya kwanza ya H42 ni 3.555. Kwa difu ya 4.11, zidisha: 3.555 mara 4.11 ni 14.6. Msokoto kwenye ekseli unakuwa kama 3,500. Gawanya kwa nusu-kipenyo cha tairi, mita 0.4, halafu toa asilimia 10 ya tozo za njiani. Unapata kama nyutoni 7,900. Mchanga unadai 7,700. Gari linapita kwa kuunguruma, lakini linapita. Ndivyo lilivyokuwa likipita miaka yote.

Sasa weka difu ya 3.70. Unapata kama nyutoni 7,100. Mchanga bado unadai 7,700.

Basi. Jino moja limeondoa asilimia 10 ya mvuto, na ziada yote tuliyokuwa nayo haikufika hata asilimia 3. Kosa langu halikuwa la kuzidisha wala kugawanya. Nilipigia hesabu njia nzuri, na gari la mizigo huchaguliwa kwa kipande kibaya cha njia. Kipande kizuri kitajipitisha chenyewe. Kwenye lami utachelewa dakika kumi, basi. Kwenye mchanga ukipungukiwa kidogo hufiki kabisa.

Mtihani wa chuo ulinizoesha vibaya hapo. Swali la mtihani linakuja limeshakupa uzito, mteremko na msuguano. Kule Mbwawa hakuna aliyeniandikia kwamba mchanga ni 0.22. Ilibidi niulize, na aliyejua alikuwa fundi, kwa lugha yake.

Gia mbili tulizozihitaji

Ukitazama vizuri, Mjomba alikuwa na matatizo mawili: gia ya kwanza ndefu mno kwa mchanga, na gia ya mwisho fupi mno kwa lami. Difu haiwezi kutibu yote mawili. Ukiisogeza kwa ajili ya lami, unaiumiza kwenye mchanga. Ukiisogeza kwa ajili ya mchanga, injini italia zaidi kwenye lami. Tiba ni giaboksi yenye nafasi pana kati ya gia ya kwanza na ya mwisho.

Toyota walikuwa nayo: H55F, ya gia tano, iliyokuja kwenye Land Cruiser za miaka ya 1980, zikiwemo zenye injini hiihii ya 2H. Uwiano wake ni 4.843, 2.618, 1.516, 1.000 na 0.845. Linganisha na H42: 3.555, 2.292, 1.410 na 1.000.

Irudishe difu ya 4.11 mahali pake, kisha piga hesabu tena. Gia ya kwanza: 4.843 mara 4.11 ni 19.9. Mvuto unafika kama nyutoni 10,700, dhidi ya 7,700 zinazodaiwa na mchanga. Gia ya tano kwenye kilomita 80: 533 mara 4.11 mara 0.845, ni mizunguko 1,850. Ni tulivu kuliko hata ile difu ya 3.70 iliyotuponza. Tungeanza hapa tangu mwanzo, tusingenunua difu.

Likizo iliyofuata ndiyo tulifanya kazi hiyo. Giaboksi ilitoka kwenye Land Cruiser ya baadaye iliyokuwa inakatwa spea. Difu ya 3.70 tuliiuza kwa hasara. Fundi alikuwa yuleyule, na safari hii mimi nilishika tochi.

Ukigusa kimoja, umegusa mpaka tairi

Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana duka la spea linakuuzia giaboksi, halikuuzii yanayoifuata. Nitayataja kwa mpangilio wa mstari wa nguvu.

Klachi. Giaboksi ikishuka chini, badilisha sahani, na kagua presha pleti na beringi ya klachi hapohapo. Kuishusha tena baada ya mwezi kwa ajili ya sahani ya zamani ni kulipa ufundi mara mbili. Mwulize fundi pia kama uso wa flaiwili umeungua. Wetu ulikuwa na madoa ya bluu ya joto la Desemba, ukapelekwa kukerezwa.

Urefu. H55F ni ndefu kuliko ya gia nne, kwa hiyo transfa inasogea nyuma. Boriti ya chasisi inayobeba giaboksi ikasogezwa, tundu la gia kwenye sakafu likapanuliwa. Propela ya nyuma ikawa ndefu mno, ikakatwa. Ya mbele ikawa fupi mno, ikaongezwa.

Propela. Hii usimpe mtu mwenye mashine ya kuchomelea tu. Jointi ya propela, ile yenye umbo la msalaba, ikifanya kazi kwa pembe haizungushi sawasawa: katika kila mzunguko inaharakisha na kupunguza mara mbili. Jointi ya upande wa pili inafuta kosa hilo, kwa masharti mawili: pembe za ncha zote mbili ziwe sawa, na masikio ya propela yafungwe kwa mstari mmoja. Fundi alipiga alama ya patasi kabla ya kukata ili yasipotee. Kisha propela ikapelekwa kwenye mashine ya kukerezea kunyooshwa na kusawazishwa. Ukiruka hatua hiyo, utasikia mtetemo kwenye kilomita 60, na mtetemo huo unakula jointi, sili na beringi, kimoja baada ya kingine.

Propela ya mbele. Nilimwomba Mjomba aitoe chini ya kitanda. Hesabu inasema hivi: nyutoni 10,700 ni nyingi kuliko mchanga unavyoweza kushikwa na tairi mbili za nyuma peke yake. Tairi za nyuma zinabeba kama theluthi mbili za uzito, na mchanga ukishika kwa asilimia 40, unapata kama 9,300 tu. Zaidi ya hapo tairi linajichimbia shimo. Mvuto ukiongezwa lazima ugawanywe, la sivyo utarudi kwenye shafti iliyokatika. Difu za mbele na nyuma sasa zote ni 4.11, chumba kimoja. Ila kumbuka kwamba fowili ya gari hili haina difu ya katikati. Ukifika kwenye lami kavu, itoe.

Oili. Ringi za kulainisha gia ndani ya giaboksi nyingi za namna hii ni za shaba, na hazipatani na kila oili ya difu. Tumia daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha giaboksi yako, GL-4 ikitajwa iwe GL-4. Na kwenye H55F, sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ikichoka, oili inahama kutoka giaboksi kwenda transfa. Upande mmoja unakauka, wa pili unafurika, na chini hakuna tone lililomwagika la kukushtua. Kagua vyote viwili.

Breki. Gia ya tano haikuongeza breki. Mjomba aliambiwa hivyo mara tatu, ya tatu na shangazi. Gia ya tano ni ya tambarare na mzigo mwepesi. Kwenye mlima na gari likiwa limejaa, rudi ya nne.

Kabla hujanunua chochote

Kama nyumbani kuna gari la zamani na kuna mtu anataka kulibadilisha, fanya mambo manne kwanza. Yote ni bure.

Moja, uliza linakwama wapi, na likiwa na mzigo gani. Usimuulize mwenye gari anataka kukimbia kiasi gani.

Mbili, jua difu uliyonayo. Usiamini maneno ya muuzaji wala kibati, maana gari la miaka arobaini limeshabadilishwa mengi. Liweke gari kwenye tambarare, gia iwe huru. Piga alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na nyingine kwenye propela. Mmoja asukume gari polepole na lisikate kona, mwingine ahesabu mizunguko ya propela mpaka tairi limalize mzunguko mmoja. Ukipata 4 na kidogo, ni 4.11 au jirani yake. Ukipata 3 na robo tatu hivi, ni 3.70. Ukisukuma mizunguko kumi ya tairi ukagawanya kwa kumi, utapata jibu safi zaidi. Kama lina difu mbili, hakiki na ya mbele.

Tatu, fuata mstari mpaka mwisho. Andika klachi, giaboksi, transfa, propela, difu, shafti, tairi, breki, na mbele ya kila kimoja andika kitabadilika nini. Kama bajeti inatosha giaboksi peke yake, bajeti haitoshi.

Nne, jaribu kinachowezekana bila spana. Fundi wetu alimfundisha Mjomba kupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia kwenye mchanga, tairi litambae badala ya kukata, kisha kuujaza tena akifika kwenye lami. Kwa pampu ya shilingi chache, mchanga unadai kidogo kuliko ulivyodai jana. Nilivyokuwa na kikokotoo mkononi, hilo sikuliwaza kabisa.

Gari leo

Tulifunga kazi mwezi wa kumi, wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa. Tulilijaza mihogo, tukaenda kwenye kipande kilekile cha mchanga. Fundi alikaa mbele, mimi juu ya magunia. Mjomba akaweka ya kwanza. Gari likapanda polepole, halikuunguruma sana, likatoka upande wa pili. Fundi hakusema neno. Alichungulia dirishani, akatazama tairi za nyuma, akarudi kukaa.

Tulipopita TAMCO, ambako enzi hizo malori ya Scania yaliunganishwa hapahapa Kibaha, Mjomba akaingiza ya tano. Injini ikanyamaza. Alikaa hivyo mpaka tukaiona foleni ya Kibamba, halafu akaniambia kwa sauti ya kawaida, bila kupiga kelele kwa mara ya kwanza ndani ya gari lile: "Kumbe redio ilikuwa inafanya kazi."

Deni la VICOBA liliisha msimu wa embe uliofuata. Kipande cha shafti iliyokatika ninacho hapa hosteli. Nilitaka nikiweke mezani kiwe kinanikumbusha, lakini mwenzangu wa chumbani amekiona kina uzito mzuri, anakitumia kuzuia mlango usijifunge.